Kuoga kwa Risasi Arobaini za Verl Tollefson

Jongeeni, enyi mliojaaliwa masikio na muda wa kupoteza, jongeeni na viti vyenu, nipate kuwasimulia vita kuu iliyopiganwa Ijumaa moja ya Oktoba, mchana kweupe, katika chumba cha chini ya nyumba huko Montana, kati ya mashine ya kufulia na rafu ya matango ya siki. Namtaja Verl Tollefson, simba wa karakana, mpimaji wa baruti punje kwa punje, mwanamume ambaye tangu aoe hakuwahi kununua risasi dukani, na ambaye kwa jambo hilo alikuwa amewachosha wote waliomfahamu.

Yapasa kwanza mwijue aibu iliyomtia vitani. Msimu uliopita wa kuwinda elki, yule paa wa milimani mwenye kimo cha farasi, Verl alipanda mlima na risasi alizojijazia mwenyewe, zikiwa bado na mafuta ya mashine ya kujazia. Mafuta yakanasa vumbi la mfukoni, na risasi ya kwanza ikakwama bundukini, nusu ndani nusu nje. Elki akasimama, akamtazama anavyohangaika, kisha akajiendea zake pasipo haraka. Hatua mia mbili mbele, Dwight Skaggs, kaka wa mkewe, akamwangusha kwa risasi ya dukani. Majira yote ya baridi Verl alikula nyama ya shemejiye, kutoka katika vifurushi vilivyoandikwa kwa mkono wa Dwight: "Kwa Verl, pole."

Ndipo katika Sikukuu ya Shukrani ya Novemba ile, mbele ya bata mzinga na wakwe wote, akaapa kwamba mwaka ujao friza itajaa nyama kwa risasi ya mkono wake, nayo itakuwa safi kuliko vijiko vya mama mkwe. Mama mkwe hakupendezwa. Na sasa mwaka ulikuwa umetimia: msimu ungefunguliwa kesho yake, na saa kumi na moja jioni ya Ijumaa hiyo Dwight angempitia waelekee kambini.

Basi, baada ya chakula cha mchana, shujaa akavaa glavu, maana alama ya kidole ikiachwa juu ya shaba hugeuka doa jeusi ndani ya boksi. Mbele yake yalisimama majeshi manne, risasi kumi kumi, kila jeshi na kipimo chake cha baruti, kikionyeshwa kwa mistari ya kalamu ubavuni. Jeshi la mstari mmoja lilikuwa goigoi. La mistari minne lilikuwa kichaa; kule uwanja wa shabaha lilimlazimu kuigonga bunduki kwa kiganja ndipo ifunguke. Lakini mistari mitatu! Hao walitoboa karatasi matundu matatu yaliyofunikwa kwa sarafu moja, nao ndio aliowachagua kumwondolea fedheha.

"Enyi wana wa shaba!" akanguruma. "Mliozaliwa katika mafuta, leo mtatakata! Ogeni pamoja, wadogo kwa wakubwa!" Akawamwaga wote arobaini katika bakuli la mashine ya kung'arishia shaba, lililojaa magunzi ya mahindi yaliyosagwa, akawasha, na nyumba ikatetemeka.

"Verl!" akaita LaDonna, mkewe, kutoka juu. "Hilo dude lako linanivunjia vikombe!"

"Vumilia, mke wangu! Historia inaoga!"

"Basi iharakishe. Nina nguo za kufua."

Kwa muda wa saa mbili mashine ikanguruma. Kisha Verl akawatoa mmoja mmoja, akawasugua kwa kipande cha pajama kuukuu, akawapanga boksini, kila mmoja tunduni mwake. Ilipofika saa kumi na nusu walikuwa wakimetameta hadi akakaribia kulia kwa fahari. LaDonna akashuka na kapu la nguo, akachungulia.

"Ala! Zimependeza kweli. Sasa za mistari mitatu ni zipi?"

Verl akainama kutazama. Arobaini walimtazama, pacha kwa pacha, bila hata tone la wino. Akaikimbilia mizani, lakini maganda yalitoka viwanda tofauti, na kila moja lilikuwa na uzito wake. Mizani haikumwambia kitu.

"Naweza kwenda nazo," akasema polepole. "Mbaya ni kumi tu."

"Kumi tu? Hapo karibu na shavu lako? Baba wewe, una macho mawili, na yote hayakuona wino ukifutika."

Moyo ulimuuma, nasema kweli. Akaitwaa nyundo ya kutapishia risasi, ile yenye tundu la kushikilia risasi kichwani mwake, na ili kiburi kisimshawishi alfajiri, akaanza kuzigonga sakafuni, moja baada ya nyingine, kichwa kikitoka na baruti ikimwagika. Alipofika ya kumi na tisa, honi ikalia nje. LaDonna akamnyang'anya nyundo.

"Nenda. Zilizobaki nitazitapisha mimi."

Dwight alikuwa amekaa garini, akitabasamu.

"Shemeji! Ziko wapi hizo lulu zako?"

Hapa ndipo palipohitaji ushujaa, wala si kule chini. Verl akafungua mlango wa gari, akaketi.

"Dwight. Una risasi za ziada?"

Dwight akafungua kisanduku cha dashibodi, akatoa boksi jipya. Juu yake palikuwa pameandikwa: "Kwa Verl."

"Nilikununulia mwezi wa nane."

"Ulijuaje?"

"Sikujua. Ila nakujua."

Safari ilikuwa ya saa tatu. Verl alitoa kile kipande cha pajama mfukoni, akazisugua risasi zote ishirini za boksi lile, moja moja, hata Dwight akachoka kucheka.

Na iandikwe popote pasipokosa wino: Jumapili risasi ilitoka bila kukwama, na elki akaanguka. Sikukuu ya Shukrani ilipofika, nyama ikiwa mezani na wakwe wote wakisikiliza, mama mkwe akauliza kwa sauti tamu, "Verl, risasi ilikuwa ya nani?"

Shujaa akasimama, uma mkononi.

"Ya dukani, mama. Lakini niliisugua mimi."