Sauti ya Kabati

Cha, cha, chaaa.

Mchele ulikuwa unamwagika gizani. Si mwingi, wa kujaza kiganja tu. Unadondoka juu ya sinia la bati, unatulia, kisha unadondoka tena. Mama Chiriku alifumbua macho, akapapasa upande wa pili wa kitanda. Mtoto hayupo. Nje, jogoo wa jirani alikuwa bado hajaamua.

Zilikuwa zimebaki siku mbili kabla nchi haijaanza kuwa bunifu. Tangazo lilikuwa limetolewa redioni, kwa vipaza sauti, na kwenye bango lililofunika madirisha matatu ya shule, hata madarasa ya upande huo yakawa yanasoma ubao kwa kukisia: KUANZIA IJUMAA, SAA NNE KAMILI ASUBUHI, KILA MTOTO ATABUNI. Ubunifu wowote utakaotokea kabla ya hapo utahesabika kuwa wa mapema, na utashughulikiwa.

Mama Chiriku alilijua tangazo hilo kwa moyo, maana ndiye aliyelipiga chapa. Alikuwa karani wa shule. Tangu muhula uanze alikuwa pia Mtunza Ubunifu, cheo kilichokuja na ufunguo mmoja wa kuvaa shingoni. Ufunguo ulikuwa wa kabati la chuma ofisini kwake, na ndani ya kabati mlikuwa na vishikwambi arobaini, vipya kabisa, kila kimoja na nailoni yake. Vililetwa ili watoto wachore, wapige picha, warekodi hadithi zao na kuzisikiliza. Kwa ajili hiyo, Idara ya Ubunifu iliagiza visiguswe.

Mtu asingeweza kusema Idara haikuwafikiria watoto. Wakati wakingoja uzinduzi, walijifunzia kwa vishikwambi vya boksi, vilivyokatwa kutoka kwenye maboksi yaliyoleta vile vya kweli. Darasa la tatu walikuwa wamefika mbali. Waliweza kuwasha boksi, kufungua ukurasa wa kuchora na kuchagua rangi, yote kwa kidole kimoja. Mtoto mmoja alisema lake limeisha chaji, akasimamishwa kwenye kona kwa kuleta utani. Mwenzake alisema lake limepasuka, akapewa fomu.

Na kila Jumatatu Mama Chiriku alituma ripoti. Vifaa vilivyotumika wiki hii: arobaini. Vilivyoharibika: hakuna. Vilivyoguswa: hakuna. Kwa ripoti hizo shule ilipata cheti cha Matumizi Bora, na cheti nacho kikafungiwa kabatini.

Alijifunga kanga, akafuata mlio wa mchele mpaka jikoni.

"We Chiriku! Unafanya nini?"

"Shh! Mama, mvua inanyesha."

Mtoto alikuwa amechuchumaa chini ya meza, uso wake unang'aa kwa mwanga wa kishikwambi namba kumi na saba.

Namba kumi na saba alikuwa mgeni halali wa nyumba ile. Waraka wa nne ulikataza vifaa kuchajiwa shuleni kabla ya uzinduzi, kwa kuwa kuchaji ni kutumia. Waraka wa saba ukataka siku ya uzinduzi viwe vimejaa chaji. Mwalimu Mkuu aliziweka nyaraka hizo mbili mezani, akazitazama mpaka saa ya chai, kisha akasema, "Mama Chiriku, mbona hawajakataza kuchaji nyumbani?" Kumbe chaja zote zilibaki makao makuu kwa usalama, isipokuwa moja iliyosahaulika ndani ya boksi. Chaja hiyo ikachagua namba kumi na saba.

"Nipe hicho kitu. Unataka nifukuzwe kazi?"

"Mama, sikiliza kwanza. Kidogo tu."

Akabonyeza. Mvua ikanyesha jikoni, mvua ya kweli, ya kumfanya mtu akumbuke nguo zake kwenye kamba. Halafu sauti ya mwanawe ikaanza, nyembamba, haina haraka: palikuwa na kabati lililokula vitu vya watoto...

Mama Chiriku akakaa sakafuni.

Nyumbani mtoto huyu aliitwa Chiriku kwa sababu hakunyamaza hata akipigwa mswaki. Lakini akivuka geti la shule, mdomo ulifungwa kama umepigwa kufuli. Miaka mitatu. Wenzake walikuwa wamemwita Bi Kimya, na Mwalimu wa Darasa la Tatu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikuwa amemweleza mama ukweli. "Dada yangu, kuandika anaandika, hesabu anazijua. Lakini kuna safu ya Kuzungumza Mbele ya Watu. Nahitaji sentensi moja tu, kamili, isikike mpaka benchi la nyuma. Ikifika Ijumaa safu iko tupu, anarudia darasa. Kalamu yangu haina jinsi."

Ijumaa hiyohiyo ya uzinduzi ndiyo iliyokuwa ya kufunga muhula.

"Hadithi haijaisha," Chiriku akasema. "Kabati halina sauti. Hebu sema, Ubunifu ni haki ya kila mtoto."

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Kwenye bango. Sema, mama."

"Ubunifu ni haki ya kila mtoto."

Chiriku alisikiliza, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya fundi. "Hapana. Unasema kama unakaribisha wageni. Kabati haliwi na adabu hivyo."

Waraka wa tisa ulikuwa wazi: karani atakayeruhusu kifaa kuguswa kabla ya wakati atahesabika kuwa ameacha kazi mwenyewe, kwa hiari na kwa furaha. Mama Chiriku aliutazama ule uso mdogo chini ya meza, mdomo wazi, maneno yakitoka.

"Dakika kumi," alisema. "Na huo mchele uokote wote."

Alhamisi mchana Mkurugenzi wa Ubunifu alifika kukagua kufuli. Alikuwa mtu mnene wa sauti, anayeongea kana kwamba kila chumba kina watu mia tano. Alilivuta kufuli mara mbili, akaridhika na ubunifu ulivyokuwa imara.

"Sasa nahitaji faragha," alisema. "Kesho nitatoa hotuba ya ghafla, inataka maandalizi. Mama, nitafutie maji. Yasiwe baridi, yasiwe moto." Kisha akaona miguu miwili midogo nyuma ya kabati. "Na huyu?"

"Mwanangu, mheshimiwa. Hunisubiri hapo nikimaliza kazi. Hana shida, huwa haongei kabisa."

"Vizuri sana. Wangekuwa wote hivi, elimu ingepaa. Abaki."

Chiriku akabaki, amepakata mkoba wa mama yake, ambao ndani yake namba kumi na saba alikuwa akisubiri kurudi nyumbani kwenye chaja.

Mama Chiriku aliporudi na chupa alisimama nje ya mlango. Ndani mtu mzima alikuwa analia. Akaacha kulia, akakohoa, akalia tena, safari hii vizuri zaidi. Mama Chiriku akasubiri amalize.

Njiani kwenda nyumbani Chiriku aliushika mkono wa mama, akaubana.

"Mama, nimelipata."

"Nini?"

"Kabati."

Mama yake alifungua mdomo aulize, kisha akaufunga. Wakati mwingine Mtunza Ubunifu hufanya kazi yake vizuri zaidi akiwa hajui.

Ijumaa, turubai lilitundikwa, wazazi wakapangwa, darasa la tatu wakawekwa mbele na maboksi yao mapajani. Mkurugenzi alipanda jukwaani, akaikunja karatasi yake mbele ya watu ili waone kwamba haihitaji.

"Ubunifu," alisema, "ni haki ya kila mtoto."

Akanyamaza. Moja, mbili, tatu. Akatoa leso nyeupe, akapangusa jicho la kulia. Kamera zikalia.

"Wanangu," aliendelea, sauti ikimkatika. Bibi mmoja safu ya tatu akasema, "Maskini, ana huruma huyu baba."

Kisha kabati likafunguliwa, vishikwambi vikagawiwa, na watoto wakabonyeza kwa ustadi wote waliojifunza kwenye boksi. Vikabaki vyeusi. Thelathini na tisa, vyote kama vimefiwa.

"Viko katika hali ya utulivu," Mkurugenzi aliwaeleza wazazi. "Ni ya kisasa." Halafu, pembeni ya mdomo, "Mwalimu Mkuu! Leta chenye uhai!"

Namba kumi na saba akapandishwa jukwaani. Fundi wa muziki akamuunga kwa waya kwenye spika zake kubwa mbili. Kwenye kioo palikuwa na kitu kimoja tu cha kubonyeza. Mkurugenzi hakutaka kuonekana anauliza.

"Mtakachosikia sasa," alitangaza, "ni kazi iliyoandaliwa chini ya uongozi wangu, nami nimeikagua neno kwa neno."

Akabonyeza.

Mvua ikanyesha juu ya uwanja. Wazazi wawili wakaangalia turubai. Likafuata kufuli: kach. Kisha sauti ya mtoto, nyembamba, haina haraka, na darasa zima la tatu likageuka kutazamana, kwa kuwa sauti ile hakuna aliyewahi kuisikia.

*Palikuwa na kabati lililokula vitu vya watoto. Lilikula penseli, likala rangi, likala na dirisha. Siku moja watoto wakalisikia linaongea peke yake.*

Kabati likaongea. Lilikuwa na sauti nene, kana kwamba chumba kina watu mia tano.

*Ubunifu ni haki ya kila mtoto. Hapa nanyamaza. Moja, mbili, tatu. Napangusa jicho la kulia. La kushoto liache, wapiga picha watakaa kulia. Watoto wangu... hapana, wanangu. Wanangu inauma zaidi.* Likafuata kwikwi. *Mbovu hiyo. Tena.* Kwikwi nyingine, nzuri.

Yule bibi wa safu ya tatu akaishusha leso yake taratibu.

*Na ufunguo, jamani, wasipewe,* kabati likaendelea, likinong'ona kwa nguvu. *Wakishazoea kuvishika, mwakani nitazindua nini?*

*Watoto wakauliza,* ikasema ile sauti ndogo, *we kabati, mbona hushibi?*

Mkurugenzi aling'oa waya. Haikusaidia, kwa sababu kicheko hakikuwa kimeunganishwa na spika. Kilianzia kwa wapishi kule nyuma, kikaja mbele kama maji, kikamfikia hata mpiga picha, ambaye alihamia kushoto.

"Nyamazeni!" Mkurugenzi alifoka. Wakanyamaza. "Kifaa kimechezewa! Yule karani mwenye ufunguo alikuwa wapi? Na ninauliza kwa mara ya mwisho: humo ndani anaongea nani?"

Walimu wakagundua kwamba viatu vyao vinahitaji kuangaliwa. Mwalimu Mkuu aligundua tundu kwenye turubai. Mama Chiriku alishika ufunguo shingoni, akaanza kuinuka, na maneno ya kujifukuza kazi yalikuwa tayari mdomoni.

Lakini mbele kabisa, katikati ya maboksi, kuna mtu alikuwa ameshasimama. Sare imemzidi mabegani. Mdomo umefungwa, unatetemeka, unafunguka.

Mwalimu wa Darasa la Tatu, bila kumwondolea macho, alipapasa rejista, akaifungua kwenye safu iliyo tupu, akatoa kifuniko cha kalamu kwa meno.

Chiriku akavuta pumzi, akasema mpaka benchi la nyuma likasikia:

"Ni wewe, mheshimiwa, na mama alikuwa ameenda kukutafutia maji."