Umeme wa Tumbo Pale Shanwe

Siku Bashiru aliposhuka kwenye treni ya Tabora, mwaka tisini na sita, alikuwa na kasha la redio bovu, dinamo ya baiskeli na njaa. Kabla jua halijazama alikuwa daktari.

Udaktari wenyewe alipewa na Mzee Malale, mfanyabiashara wa ng'ombe. Mzee alikuwa kwenye mgahawa wa Mama Dorotea pale Shanwe, akaisukuma pembeni sahani ya nyama choma huku akiguna.

"Leo siku ya sita sijaenda chooni. Hii nyama nikiimeza itakaa wapi?"

Bashiru akavuta kiti. "Shikamoo mzee. Hilo si tumbo. Ni neva imelala."

"Marahaba. Neva ndo nini?"

"Waya wa mwili. Unaanzia kifundoni unapanda mpaka utumboni. Ukilala, utumbo nao unalala. Tunauamsha kwa umeme kidogo."

Kesho yake alikuwa amepanga chumba cha uani kwa Dorotea. Mgonjwa alifungwa nyaya mbili kifundoni, Bashiru akazungusha mpini wa dinamo aliyoificha ndani ya kasha la redio, taa nyekundu ikawaka, mguu ukaruka. Kisha, ili kupoza umeme, mgonjwa alinyweshwa kikombe cha chai ya tangawizi. Jambo ambalo daktari hakulitangaza ni kwamba chai hiyo ilikuwa na majani ya sanamaki ya kumfungua tembo.

Malale alirudi asubuhi anang'aa kama bwana harusi. "Daktari, nimeridhika! Nimeridhika mara nne!"

Bashiru akamsimamisha mlangoni awasimulie wengine. Ndani ya wiki mbili, watu wazima na heshima zao walikuwa wanasimuliana sokoni habari za vyoo vyao bila haya.

Maji ya chai alichemsha Dorotea. Siku moja, bila kufungwa waya wowote, akaonja nusu kikombe. Alipotoka chooni mara ya tano alikuwa amehitimu udaktari wote.

"Daktari," alisema kwa adabu, "kuna Mzee Manyanda kule Kabungu. Ng'ombe zake hata idadi hajui, na tumbo limefunga. Atakayemfungua anapewa dume. Wewe nenda, chai nakujazia mwenyewe."

"Mama, una roho nzuri sana."

"Ya kawaida tu, baba."

Kule Kabungu, Manyanda alipigwa umeme, akanywa chai, akasubiri. Kimya. Akapigwa tena, akanywa tena. Kimya. Bashiru akaionja ile chai. Tangawizi tupu.

"Mzee, ngoja nirudi mjini nikachukue spea."

"Huendi," alisema Manyanda kwa upole wa mtu mwenye wakwe sita mlangoni. "Wa mjini wote umewaridhisha. Mimi nimekosa nini? Zungusha."

Alizungusha siku nne. Alilishwa ugali wa muhogo na nyama kavu, na kwa woga tumbo lake mwenyewe likapiga kufuli. Siku ya tano Monika, mke wa Manyanda, alichoka kutazama, akamlisha mumewe mapapai matatu. Jioni mzee alitoka chooni anacheka peke yake.

"Mashine yako ni nzuri, ila ina uvivu," alimwambia Bashiru. "Dume hupati. Na mashine naibakiza, neva zangu zimeshaizoea."

Bashiru alirudi Shanwe kwa miguu, mikono mitupu, tumbo gumu kama ngoma. Mgahawani kwa Dorotea foleni ilifika barabarani. Ubao umeandikwa kwa chaki: CHAI YA NEVA. BILA UMEME.

"Mama, umeniibia!"

Foleni nzima ikageuka.

"Nimekuibia nini, baba? Kitaje watu wasikie."

Bashiru akafungua mdomo. Akawatazama wale aliowarusha miguu wiki mbili nzima, baadhi yao wameshika fimbo za kuswagia ng'ombe. Akaufunga.

"Kikombe bei gani?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Panga foleni, daktari."

Akapanga, nyuma ya bibi mmoja aliyekuwa amekuja na jagi. Zamu yake ilipofika alilipa noti, akanywa kikombe chote akiwa amesimama, na chenji yake hakuidai. Muda haukuwepo. Aliinama, akashika kiuno, akakimbilia uani huku akiwapigia kelele watu wampishe.