Malalamiko ya Laini ya Maombi Kuhusu Mshambuliaji Wetu Kukalishwa Benchi

Louisville, Kentucky
Jumanne, 29 Machi 2016

Kwa Mheshimiwa Kocha Mkuu,
Klabu ya daraja la pili anayochezea kijana wetu Précieux,
Ufaransa

Mheshimiwa Kocha,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na wasaidizi wako na yule bwana anayekimbia na chupa za maji. Huku sisi ni wazima, isipokuwa pale ulipotuumiza.

Najua husomi Kiswahili. Barua hii naituma kwa picha kwenye simu ya Précieux mwenyewe, naye atakusomea kwa Kifaransa. Mama yake anasema Kiswahili cha mtoto kinatosha kuomba chakula na kukataa kuoga, kwa hiyo nimeandika polepole. Précieux, mwanangu, usiruke kitu, hata pale ninapokusema wewe.

Jina langu ni Aloisi. Nimezaliwa Burundi, nimekulia kambini Tanzania, na sasa napanga maboksi kwenye ghala moja hapa South End. Mpira sikuusomea popote, na nikitazama wachezaji unaowatoa na unaowaingiza, naona tuko wawili. Jirani yangu ni Bibi Nsimire, Mkongomani wa Bukavu, aliyemzaa Chimène, aliyemzaa Précieux. Kwa ajili ya bibi huyu, kila mechi ya kijana inaombewa kwa simu. Watu wa Louisville, Columbus na Buffalo tunapiga namba moja, tunaingiza namba ya siri, kila mtu anazima kipaza sauti chake, na kiongozi anaomba kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Kiongozi ni mimi. Hilo nakuomba ulishike.

Malalamiko yetu ni haya:

1. Unamwingiza mtoto dakika ya themanini. Sisi tunaanza kuomba mpira unapoanza. Kufika dakika ya themanini, Dada Leya wa Columbus, ambaye anamtunza bibi mmoja wa Kimarekani kule Gahanna karibu na uwanja wa ndege, ameshakatizwa na ndege kiasi cha kutojua aliombea nini, na bibi wake anataka chai. Ndugu Paluku wa Buffalo ameshaitwa na supavaiza arudi kwenye mashine, kiwandani kwake Tonawanda. Mimi sauti imebaki ya jogoo mgonjwa. Kwa hiyo kijana anaingia uwanjani akiombewa na watu waliochoka, halafu wewe unashika kichwa anapopaisha mpira.

2. Msimu uliopita ulimtoa kwa mkopo kwenda timu ya daraja la tatu bila kutuarifu. Chimène alidhani tumeona mtandaoni. Basi tukaendelea kuomba kama kawaida, "kwa ajili ya mshambuliaji wa timu ile mwenye jezi namba tisa." Jezi hiyo ulikuwa umempa mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa hajafunga tangu azaliwe, lakini akaanza kufunga kila wiki, mpaka timu ya daraja la kwanza ikamchukua. Hatumdai kitu. Ila mtu mzima anafunga kwa kisigino, anafunga kwa goti, anafunga kwa mgongo akiwa anafunga kamba za viatu, na hajiulizi?

3. Machi 19. Marekani ilikuwa imeshasogeza saa mbele. Nyinyi Ulaya mkakaa mnasubiri mwisho wa mwezi. Sisi tukapiga simu saa nane mchana kama Jumamosi zote, kumbe saa nzima kabla ya filimbi yenu, tukaomba kwa nguvu ambayo haijawahi kusikika kwenye laini ile. Leya aliimba. Bibi Nsimire alilia. Mimi niliwakemea mabeki wa upinzani kwa majina yao, na majina ya Kifaransa si mepesi. Tulipofunga kwa amina na kurudi kazini, kwenu ndiyo kwanza ilikuwa mapumziko. Na siku hiyohiyo, kati ya siku zote za mwaka, ukampa mtoto kipindi cha pili kizima. Aligonga mwamba mara mbili. Mipira ile ilikuwa ya kuingia, Mheshimiwa. Ilikosa mtu wa kuisindikiza. Naomba uzungumze na serikali yako ili Ufaransa ifuate saa za Kentucky.

4. Umemhamishia winga ya kulia. Kina mama wa Columbus walikaa siku nzima bila kula kwa ajili ya mshambuliaji wa kati. Mfungo hauhamishwi kama zile koni zako za mazoezi.

5. Hili la tano linatugusa na sisi. Baada ya Machi 19, Paluku alidai apewe nafasi ya kuomba katikati ya wiki, akaomba hivi kwa Kiswahili cha Kongo: "Baba, tosha mutoto wetu ku benchi," yaani amtoe benchi. Jumamosi nikamtuma binti yangu Teopista aangalie kwenye simu yake. "Not on the bench, Daddy," akanijibu bila kuinua macho, kwamba benchi hayupo. Nikapiga kelele za furaha mpaka majirani wakatoka. Akaongeza, taratibu, kwamba hayumo uwanjani pia. Umemkalisha jukwaani kati ya watazamaji, amevaa koti. Nakubali Paluku aliomba vibaya. Lakini wewe ulikuwa na haja gani ya kuwa mwepesi wa kutii siku hiyo moja tu?

6. Sasa nafika penyewe. Jumapili tulifanya kikao cha laini. Paluku akawasha kipaza sauti, mashine zikinguruma nyuma yake, akasema mbele ya miji yote mitatu: "Aloisi, bon, weye unaomba sawa na mutu mwenye kusoma bili ya maji. Mungu anasinzia." Nikamjibu kwa upole kwamba Mungu hasinzii, labda Buffalo. Akasema, "Buffalo iko na baridi, lakini iko na upako." Dada Leya akasema, "Jamani, msigombane kwenye spika, bibi wangu anasikia na ananiuliza nani kafa." Bibi Nsimire yeye akauliza tu, "Mutoto anakula muzuri? Magoti haimuume? Basi, goli itakuya." Hakuna aliyemjibu, maana tulikuwa kwenye mambo ya uongozi.

Ikaamuliwa kwamba Précieux asipofunga kabla ya Mei Mosi, uongozi unatoka Louisville unakwenda Buffalo, kwa Paluku. Mheshimiwa Kocha, nimeongoza laini hii tangu kijana yuko timu ya watoto. Ghalani mimi ni mtu wa beji na fulana ya kung'aa. Kwenye laini mimi ni Mtumishi Aloisi. Watu wa Columbus ambao hawajawahi kuniona wananitambua kwa kikohozi. Na wewe, kwa kupenda kwako winga, unataka kunivua hayo yote.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo. Précieux aanze kila mechi, katikati, namba tisa. Orodha ya wachezaji itufikie Alhamisi, kabla hujawaonyesha wachezaji, ili nasi tuseme neno. Ukitaka kumtoa, uinue kwanza mkono kuelekea kamera, usubiri tumalize sentensi. Wewe pia ujiunge na laini. Utazima kipaza sauti kama wengine, na utawasha ukiitwa. Na kwa kuwa wewe ni mtu mmoja na sisi ni miji mitatu, itakuwa haki zaidi kikosi kipigiwe kura, wewe ukiwa na kura yako moja kama Bibi Nsimire. Hatutaki kukunyang'anya kazi. Tunataka kukupunguzia mawazo.

Ukikataa, tutalazimika kumwombea kipa wa timu pinzani. Tumeshajua jina lake.

Wasalimie mkeo na watoto, na mwenyekiti wa klabu, na wachezaji wote, hata yule anayemnyima Précieux pasi. Tunamjua, ana ndevu. Bibi Nsimire anakusalimu na anauliza kama kwenu kuna baridi.

Wako katika kusubiri kikosi,
Mtumishi Aloisi
Kiongozi wa Laini, hadi sasa

Nyongeza: Précieux, kuanzia hapa usimsomee kocha. Mama yako amenipigia sasa hivi kwa furaha: Jumamosi unaanza, tena katikati, tena namba tisa, kocha ameamua mwenyewe. Namshukuru Mungu. Shida ni kwamba kabla yake Dada Leya naye alipiga. Wajumbe wamempa Paluku aongoze Jumamosi hii, kwa majaribio. Sasa mwanangu, nakuuliza kama mzazi: paja lako la kulia, una hakika ni zima? Vijana mna haraka. Hakuna aibu kukaa benchi wiki moja, ukawatazama wenzako, ukaingia wiki inayofuata, ambayo ni ya Louisville. Mwambie kocha unasikia kitu kinavuta kwa nyuma. Bibi yako usimwambie, maana ataomba upone.