Konokono Aliyenilaza Ukweni

Leo nimejivua nguo, tena ukweni. (Si nguo hizi mnazofikiria. Afadhali zingekuwa hizo.)

Asubuhi tulitoka Kahama kwenda Samuye kwa mama mkwe. Alituita ili anikabidhi kibangwa cha babu yake, kile kisahani cheupe cha gamba walichovaa watemi kifuani, niwatunzie pacha wetu, Kulwa na Doto. Anikabidhi mimi! Miaka yote huniita "mwalimu" kwa sauti ya mtu anayetaja mafua. Leo nimekuwa Baba Kulwa.

Ningenyamaza tu, nikapokea, nikala wali na kuku. Lakini nimesoma. (Ndiyo ugonjwa wenyewe.)

"Mayu," nikamwambia mama mkwe, "hiki kimekatwa kwenye gamba la konokono wa baharini. Ana jino kama mkuki! Akimchoma samaki, samaki anapooza. Hata mtu anakufa, na dawa ya sumu yake haijapatikana."

"Hee! Na mimi nimekivaa tangu usichana?"

"Usiogope, Mayu. Huyu alishakufa zamani."

Akanivisha mwenyewe. Nikainua kidevu kama mtemi. Mke wangu akatoa simu anirekodi.

Ndipo kikanichoma. Kifuani!

"Nimechomwa!" Nikaanguka chali mkekani, mbele ya mkwe, kichwa ndani ya ungo wa karanga. "Midomo inakufa ganzi! Mama Kulwa, watoto wasome!"

"Si wanasoma tayari," akajibu mke wangu, huku bado anarekodi.

Mkwe akapiga magoti, akakigeuza kibangwa. "Baba Kulwa, kitu hiki hakina hata mdomo. Kimekuuma na nini?"

Kwa nyuma palikuwa na pini ya nepi. Uzi ulikatika jana, mama akaufunga kwa pini ili mkwewe apendeze. Pini ilikuwa imefunguka.

Halafu mama wa watu akacheka mpaka akakaa chini kando yangu, akawa ananitoa karanga kwenye nywele. "Pole, mwanangu." Hajawahi kuniita hivyo!

Kibangwa, hata hivyo, alimvisha Doto. "Huyu akitunze," akasema. "Bado hajasoma sana."

Mimi nimepewa jogoo, naye amenidonoa njiani. Sikulalamika.

Video iko kwenye kundi la ukoo. Tafadhali msicheke. Konokono mwenyewe yuko zake baharini, hana habari kwamba leo ameua mtu Samuye.