Mianzi Iliyokuwa Ikipokea Malori

Igowole, Mufindi
Machi 1956

Kwa Bwana Msimamizi wa Barabara,

Salamu nyingi, na pole kwa matope ya msimu huu. Mimi Filemoni Kalinga, wa pale penye kona ya mteremko, naleta malalamiko yangu kwa heshima zote.

1. Mlikata mianzi yangu iliyokuwa ukingoni mwa kona, mkasimika nguzo za saruji zilizopakwa chokaa. Mkasema ni ili dereva auone ukingo. Bwana, dereva aliyekwisha kutoka barabarani ukingo ameshauona. Anachotafuta sasa ni mahali pa kufikia.

2. Shemeji yangu Jailos, dereva wa lori la chai, aliacha barabara hapo mara mbili enzi za mianzi. Mianzi iliinama, ikalipokea lori taratibu, ikalisimamisha. Yeye akashuka anajipangusa majani: "Shemeji, mianzi yako ina adabu kuliko breki zangu!" Juzi amekutana na nguzo. Nguzo haikuinama. Sasa mguu umefungwa plasta, na dada yake, yaani mke wangu Apolonia, ananitazama kana kwamba saruji ile niliikoroga mimi.

3. Naomba basi nguzo zing'olewe kabla Jailos hajapona, maana ameapa kurudi kwenye usukani. Mianzi ipandwe upya. Wakati inakua, wekeni vigingi vya mabua ya mahindi, vipakwe chokaa ileile. Vitaonekana vizuri tu, na vikigongwa vitavunjika vyenyewe badala ya kumvunja mtu.

4. Mtaro wenu wa maji una kingo kama za kaburi. Kingo zilazwe, mtaro uwe na kina kifupi kama sahani.

5. Tukifaulu hapa, mianzi iendelee mpaka Iringa, halafu mpaka Mbeya. Hata ofisi yako, Bwana, ina ngazi za mawe. Kichaka kimoja hapo chini hakitakudhuru.

Nisalimie makarani wote, na yule fundi wa chokaa. Kazi yake ni safi sana. Apolonia naye anakusalimu, ila kwa sauti ndogo.

Ni mimi, ninayengoja jibu lako nikiwa nimekaa mbali kidogo na kona,

Filemoni Kalinga

Nyongeza: Ukija kukagua, usipite moja kwa moja. Simama kwanza kilabuni kwangu, hapo juu tu ya kona, uonje ulanzi. Pombe ya mianzi iliyobaki ni tamu ajabu mwaka huu. Hakuna dereva anayeteremka bila kuonja, na Jailos hajawahi kuondoka pale akaacha kitu ndani ya chombo.