Namba ya Dharura ya Bwana Adelard

Wananchi wa Temeke walitangaziwa, kwa spika iliyofungwa juu ya bajaji, kwamba biashara haramu ya binadamu imefikia tamati. Kitengo cha Urejeshaji Matumaini kimepata viti vya plastiki na mgeni rasmi.

Mratibu wa kitengo, Bwana Adelard, alikuwa na furaha isiyo kifani. Wanawake waliotumikishwa ughaibuni bila mshahara sasa walikuwa salama mikononi mwake. Aliwaweka bwenini na geti akalifunga mapema, mji huu una wahuni. Vitambulisho vyao alivifungia kabatini, maana masikini wa Mungu wangevipoteza. Chai ya semina walipika bure, kwani hela ya haraka humharibu mtu aliyeumia. Jamani, wema wake ulipita kiasi.

Aliyemkera ni Somoe tu. Huyu alikuwa mpishi huko Uarabuni, na sasa kapata kibanda cha kukaangia chipsi Tandika. Mwenye kibanda anataka kuona kitambulisho leo, la sivyo anampa mwingine. Tangu asubuhi kamganda Adelard, shikamoo baba, kitambulisho changu. Adelard akamwambia kawia ufike. Amalize kwanza mafunzo ya kujitegemea, ndipo aruhusiwe kujitegemea.

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Editha, akawasili. Adelard akapanda jukwaani kufundisha dalili za biashara hiyo haramu.

“Ukiona mtu kazuiliwa hati zake, anafungiwa ndani, anafanya kazi halipwi, usinyamaze. Piga namba ya dharura.”

Namba iliandikwa kwenye bango nyuma yake. Ilikuwa yake mwenyewe. Alijiteua ili posho ya vocha isiangukie kwa watu wasio waaminifu.

Somoe akatua birika, akalitazama bango, akabonyeza simu yake.

Simu ikalia kwa muziki wa singeli ndani ya koti la Adelard. Akataka kuizima, lakini Mheshimiwa akasema simu ya dharura haizimwi, tena aweke sauti kubwa watu wajifunze.

“Kitengo cha dharura,” Adelard akasema. “Tukusaidie nini?”

“Kuna mtu kazuia kitambulisho changu, kakifungia kabatini. Ananifungia geti, na kazi nafanya bure.”

Adelard akalikumbuka gereza la Segerea, na wala hana kiwanja huko. Ila yeye ni mtu wa utaratibu, na swali linalofuata alilitunga mwenyewe.

“Mtuhumiwa yuko wapi kwa sasa?”

“Yuko jukwaani, baba. Anaongea na simu.”

Mheshimiwa Editha alimnyooshea mkono tu, akingoja ufunguo wa kabati.