Filamu Yangu Isiyoshika Sumaku

Jumatatu, 4 Machi
Aibu! Mimi na Bi Sahihi (jina nililompa mwenzangu wa maabara, maana kila nikisema neno hujibu "si sahihi") tumetengeneza filamu kwa njia ileile: utando wa fedha, mwembamba kuliko ganda la kitunguu, na ndani yake vibonge vya kobalti (metali inayovutwa na sumaku) visivyoonekana kwa macho. Ya kwake inaitikia sumaku ya mashine ya kupimia. Yangu imelala fofofo. Profesa kasema mwenye matokeo bora ndiye atakayezungumza mbele ya wageni Ijumaa. Nimeshamwambia mama mkwe kuwa ni mimi.

Jumanne, 5 Machi
Bi Sahihi kanieleza, bila kuombwa, kwamba vibonge vikiwa vidogo mno, joto huvisahaulisha upande vilikoelekezwa. Kila kimoja hutazama kwake. Kumbe dawa ni baridi! Nikaificha filamu kwenye friza ya nyumbani. Mke wangu kaikuta chini ya samaki. Kauliza kama siku hizi tunagandisha takataka. Kipimo: sifuri. Baridi inayotakiwa, kasema Bi Sahihi, si ya samaki. Filamu inanuka.

Jumatano, 6 Machi
Ushindi! Nimeisafisha filamu, nikaishika kwa kibanio cha nyusi cha mke wangu (cha plastiki cha maabara kimepotea), nikaitia mashineni. Mstari ukapanda hadi ukatoka nje ya skrini! Profesa kapiga makofi. Bi Sahihi kanyamaza. Kanyamaza! Nimenunua tai.

Alhamisi, 7 Machi
Bi Sahihi kaomba tupime kipande cha kioo kitupu, kisicho na kobalti hata chembe, nikishike kwa kibanio changu. Mstari ukapanda vilevile. Profesa kauliza, "Hicho ni cha chuma?" Nikamjibu ni cha mke wangu. Basi nilichopima ni vumbi la chuma kutoka kwenye kibanio. Na mwenye kibanio anakitafuta.

Ijumaa, 8 Machi
Bi Sahihi kazungumza. Mimi, na tai yangu, nimebonyeza kitufe cha kubadili picha. Mama mkwe, kiti cha mbele, kauliza kwa sauti mbona mkwe wake hasemi. Bi Sahihi kamjibu kwa upole kwamba mimi ndiye niliyewafundisha hatari ya vibanio vya chuma. Mama mkwe kanipungia mkono kwa fahari. Nilitamani ardhi inimeze.

Profesa kanivuta pembeni: njia za mkato basi. Nimeapa. Kwa dhati kabisa.

Kisha nikatumwa kuhifadhi filamu zote mbili. Visanduku vyetu vinafanana kama mapacha. Kinachovitofautisha ni karatasi za majina tu. Nimejaribu kona moja kwa ukucha.

Inabanduka.